Mfumo Usiojua Kugomba

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Oktoba, asubuhi, chai ikiwa bado haijapoa.

Herufi Kubwa alikuwa amefungua duka lake la kuchapa barua na kutoa fotokopi, amefuta vumbi la kibodi kwa mkono wa shati, ameketi, amewasha kompyuta. Badala ya picha ya maua mekundu ambayo marehemu mkewe aliiweka hapo, skrini nzima ikajaa rangi ya buluu na maandishi meupe. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Kiingereza Herufi Kubwa alikisoma jinsi mtu anavyosoma uso wa mama mkwe: si kila kitu anakielewa, lakini habari mbaya haimpiti. Na habari ilikuwa mbaya. Kuanzia siku hiyo mfumo endeshi wa kompyuta yake, yaani ile roho inayoifanya mashine ijue kwamba ni mashine na si sanduku, usingehudumiwa tena. Kompyuta yenyewe ilikuwa imezeeka mno kuwekewa mfumo mpya. Waliotengeneza mfumo huo walimshukuru kwa kuwa nao miaka yote hiyo. Chini palikuwa na vitufe viwili: kimoja cha kununua kompyuta nyingine, kingine cha kukumbushwa baadaye.

"Cha kukataa kiko wapi?" akauliza.

Skrini haikujibu. Wakubwa hawajibu, hilo alilijua tangu zamani. Kwa Herufi Kubwa, kila kibaya duniani kilikuwa na mkubwa wake aliyekaa mahali fulani kwenye kiti cha kuzunguka. Umeme ukikatika, mkubwa. Kiatu kikiachia soli, kuna mkubwa aliyepitisha gundi mbovu. Mkewe alifia kwenye foleni, katika hospitali yenye madirisha matatu na moja tu likiwa wazi, na yale mawili yaliyofungwa alikuwa hajayasamehe, wala hakuwa na mpango huo.

Hata jina la Herufi Kubwa lilitokana na hayo hayo. Shule aliiacha mapema, kuchapa alijifunza ukubwani kwa vidole viwili, akidonoa kama kuku, na kila alichoandika alikiandika kwa herufi kubwa mwanzo hadi mwisho. Ukimuuliza sababu anakwambia, "Mkubwa hasomi herufi ndogo." Wateja walishamzoea. Walijua ukimpelekea barua ya kuomba likizo, itarudi inaomba likizo na kumtaka meneja ajiuzulu.

Asubuhi hiyo mteja wa kwanza alikuwa Mama Mwenye Nyumba, mmiliki wa jengo lile lote, mwanamke mpana wa mabega na wa sauti. Alitaka tangazo la kubandika koridoni.

"Andika hivi, baba: Wapangaji, tafadhali msimwage maji ya kufulia kwenye ngazi. Basi. Usiongeze kitu."

"Siongezi."

"Mara ya mwisho uliongeza serikali."

"Maji ya ngazini yanatoka juu, mama. Kila kitu kinatoka juu."

"Yanatoka chumba cha mwisho, namjua mwenyewe. Andika!"

Aandike vipi, na ule ukurasa wa buluu umekaa mbele yake kama mgeni asiyejua kuaga? Akabonyeza kitufe cha kukumbushwa baadaye. Ukaondoka, ukarudi. Akabonyeza tena. Ukarudi. Akashika kipanya kama anayemkaba mwizi, akabonyeza kila kilichobonyezeka, kulia, kushoto, pembeni, mpaka mashine ikaganda. Ndipo ikasema. Ilisema kwa sauti ya mwanamke, kavu, yenye kicheko kilichojibanza nyuma yake:

"We mzee, umegusa nini tena?"

Herufi Kubwa akakohoa papo hapo, kikohozi kikubwa cha kufunikia.

Sauti hiyo ilikuwa ya mkewe. Enzi za uhai wake yeye ndiye aliyekuwa mchapaji, na mumewe kazi yake ilikuwa kukata karatasi na kugombana na wateja. Ila alikuwa na mkono mrefu. Mke akienda nyuma kuchemsha chai, yeye anaigusa mashine, na mashine inaharibika. Mke akachoka. Siku moja akachomeka kipaza sauti, akajirekodi, akaiondoa ile kengele inayolia mtu akikosea, mahali pake akaweka sauti yake. Tangu hapo mume akikosea tu, mashine inamsema, na mke kule nyuma anasikia. Baadaye mke akaondoka duniani. Sauti ikabaki.

Na hiki ndicho ambacho Herufi Kubwa hakuwahi kumwambia mtu: kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, alikuwa akikosea kwa makusudi. Anaiamuru mashine ichape huku printa haijachomekwa kwenye umeme. "We mzee, umegusa nini tena?" Anasikia, anakohoa ili majirani wasisikie, anachomeka printa, siku inaanza. Mtu mzima, ndevu zina mvi, anaamka na kuoga ili akagombezwe na kompyuta. Ungemweleza nani?

Sasa Jumanne hiyo mashine ilikwama pabaya. Haikusema mara moja ikanyamaza. "We mzee, umegusa nini tena?" Kikohozi. "We mzee, umegusa nini tena?" Kikohozi. "We mzee, we mzee, we mzee, umegusa..." Herufi Kubwa akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Akakohoa ameinama, akakohoa ameshika meza, akakohoa huku anautafuta waya wa umeme kwa mguu.

Mama Mwenye Nyumba alikuwa ameshafika mlangoni kinyumenyume. "Baba, unakufa au vipi? Na huyo mwanamke anayekuuliza ulichogusa ni nani?"

"Mwanamke gani?" Koho, koho.

"Nimesikia mwanamke! Umemficha nyuma ya pazia?"

"Ni mashine, mama. Ina kifua."

"Mashine ina kifua, na wewe una kifua?"

"Imeniambukiza."

Hapo akaingia Shemeji mbio, kitana mdomoni, viganja vinang'aa mafuta ya nywele. Shemeji alikuwa mdogo wa marehemu mkewe, msusi, na saluni yake ilipakana na duka hilo kwa ukuta wa mbao mwembamba kiasi kwamba ukipiga chafya huku, kule wanakuombea afya. Kwa kikohozi kile sauti ya mashine hakuitambua, wala hakuuliza kitu. Akapiga magoti chini ya meza, akachomoa waya. Kimya kikaingia, na kikohozi nacho kikakatika ghafla, jambo ambalo Mama Mwenye Nyumba alilitazama kwa jicho la pembeni.

"Shem," akasema Shemeji akijipangusa magoti, "hicho kifua chako kitatuua sisi kabla yako. Kila asubuhi koho koho. Nenda ukapimwe!"

"Nikapange foleni ya dirisha gani?"

Shemeji aliijua foleni hiyo, akaliacha hilo lipite. Akaitazama kompyuta. "Imekuandikia kwamba imezeeka?"

"Imenifukuza kazi."

"Haijafa hiyo. Waliotengeneza mfumo wake wamekuchoka tu. Hata yangu ya saluni, ile ya kuwapigia wateja muziki, iliandikiwa vivyo hivyo. Nikaiwekea mfumo mwingine, wa bure. Sasa hivi inakimbia kuliko mimi."

"Wa bure?" Herufi Kubwa alilitamka neno hilo kama mtu anayenusa maziwa ya juzi. "Anayetoa bure anataka nini?"

"Hataki kitu."

"Mkubwa wao nani?"

"Wa kukukalia kichwani hayupo, shem. Ni watu, huku na huko duniani, kila mmoja anatengeneza kipande chake na kukiacha wazi. Anayetaka kuona kilivyoshonwa anaona. Anayetaka kukirekebisha anarekebisha. Kama watu wanaosukuma gari lililonasa kwenye tope, hakuna aliyeajiriwa."

"Na gari likitumbukia mtaroni, anashtakiwa nani?"

"Hashtakiwi mtu."

"Basi huo ni mtego!" Herufi Kubwa alipandisha sauti. Katika maisha yake alikuwa ameshaona wakubwa wabaya, wakubwa wezi na wakubwa waliolala, lakini kitu kisicho na mkubwa hakuwahi kukisikia, na kilimtisha kuliko vyote. "Mtu atamlalamikia nani?"

"Utajijua. Mimi nina kichwa cha mtu kule, nusu kimesukwa nusu kimesimama."

"Baba, weka hicho cha bure," akadakia Mama Mwenye Nyumba. "Mimi nataka tangazo langu. Na habari ya huyo mwanamke tutaizungumza. Mkataba wako ni wa mtu mmoja."

Shemeji akarudi baadaye na flash iliyofungwa kwenye ufunguo wa saluni. Akavuta kiti, akakunja mikono ya gauni.

"Sikiliza, shem. Mimi nafanya kama nywele. Siwezi kusuka mtindo mpya juu ya misuko ya zamani. Tunanyoa kwanza, halafu tunaanza upya."

"Unanyoa nini?"

"Kila kitu. Kwa hiyo niambie kabla sijashika wembe: humu ndani kuna kitu unataka kitunzwe?"

Hapo ndipo mwanamume alipotakiwa kusema. Na neno lilikuwepo, lilikuwa limekaa juu ya ulimi kama kidonge kichungu. Lakini anaanzaje? Amwambie mdogo wa marehemu kwamba kila asubuhi anajifungia na sauti ya dada yake kama mwizi wa kuku? Na kile kikohozi, alichopewa asali na tangawizi na mafuta ya kupaka kifuani, akivipokea vyote kwa shukrani, akieleze vipi?

"Barua za wateja tu," akasema.

"Picha?"

"Na yale maua."

"Kingine?"

"Ile... ile tabia yake ya kupiga kelele mtu akikosea. Itakuwaje?"

"Kelele zote zitakwisha, shem. Huu mfumo mtulivu."

"Lakini mtu akikosea kabisa?"

"Unakwambia taratibu."

"Aha," akasema, na akakohoa, safari hii bila sababu yoyote.

Shemeji akachomeka kisanduku cheusi cha ukubwa wa kipande cha sabuni, akakiacha kinapepesa taa yake muda mrefu, akaenda kumalizia kichwa cha mtu, akarudi. Herufi Kubwa hakuuliza kisanduku ni cha nini. Kichwani mwake ulikuwemo wembe tu. Kisha flash ikaingia, mashine ikazimwa, ikawashwa, na kitu cha kwanza kilichotokea kilikuwa orodha ndefu ya lugha za dunia. Shemeji akashuka nayo chini, chini, akasimama. *Kiswahili.* Akabonyeza.

*Karibu,* ikaandika mashine.

Herufi Kubwa akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Miaka yote hiyo mashine ilikuwa ikimsemesha kama hakimu, leo inamkaribisha. Ikamuuliza yuko upande gani wa dunia. Ikamuuliza aina ya kibodi. Ikamuuliza jina, naye akadonoa kwa vidole vyake viwili: HERUFIKUBWA.

Mashine ikakataa. Jina la mtumiaji, ikaeleza kwa upole, liandikwe kwa herufi ndogo.

"Umeona?" akaruka. "Umeona dharau? Hata hatujaanza!"

"Andika ndogo, shem."

"Mimi nimezaliwa mdogo, nimesoma kidogo, nalipwa kidogo, na hapa pia niwe mdogo?"

Shemeji akamwandikia mwenyewe. Halafu likaja swali la mwisho, kama kweli wanataka kufuta diski yote, na kwamba kikifutwa kitu hakirudi. Kidole cha Shemeji kikashuka. Mkono wa Herufi Kubwa ukanyanyuka wenyewe kutoka pajani.

"Shem! Usiguse!" akamkemea Shemeji.

Mkono ukarudi. Mstari mdogo ukaanza kutembea kutoka kushoto kwenda kulia, kwa mwendo wa karani aliyetoka kula. Herufi Kubwa alisimama nyuma yake amekunja mikono kifuani, vile vile alivyosimama kwenye korido ya hospitali, akiangalia kitu kinachokwenda na hawezi kukishika shati.

Mashine ilipowaka tena iliwaka haraka, safi, kimya. Shemeji akarudisha barua na maua mekundu mahali pake. Kabla ya jioni Mama Mwenye Nyumba alipata tangazo lake: WAPANGAJI, TAFADHALI MSIMWAGE MAJI YA KUFULIA KWENYE NGAZI. WAKUBWA MNAJIJUA. Aliguna, akalichukua hivyo hivyo.

Jumatano asubuhi Herufi Kubwa aliingia dukani, akafunga mlango nyuma yake, akahakikisha printa haina umeme, akaiamuru mashine ichape. Akavuta pumzi tayari kukohoa.

*Tik,* ikasema mashine. Pembeni pakatokea kijimstari: *Printa haionekani. Tafadhali hakikisha imewashwa.*

Akabaki na pumzi yake kifuani.

Akajaribu tena. *Tik. Tafadhali.* Akaandika barua ndefu ya matusi kwa watu wa maji, akaifunga bila kuihifadhi, akitumaini balaa. Mashine ilikuwa imeshaihifadhi yenyewe, ikamwuliza kama angependa kuendelea pale alipoishia. Akachomeka flash ya mteja, akaichomoa bila kuaga. *Wakati mwingine itoe kwa usalama.* Akaipa faili jina lisilokubalika, mistari iliyolala na nukta na alama za ajabu. Mashine ikampendekezea jina zuri zaidi. Akalalia kibodi kwa kiwiko. Ikamwuliza, kwa Kiswahili kilichonyooka, kama anahitaji msaada.

"Nahitaji unigombeze!" akapiga meza. "Hujui kugomba, wewe?"

Kule upande wa pili wa mbao mashine ya kukaushia nywele ikazimwa. "Shem? Unaongea na nani?"

"Na hawa watu wako! Wanapatikana wapi?"

"Kuna baraza lao mtandaoni. Unaandika tatizo lako, mwenye kujua anajibu. Nimekuwekea pale chini, alama ya kiputo."

Hapo damu iliyokuwa ikimchemka ikapata njia. Kulalamika alikujua. Akavuta kiti, akafungua kiputo, akadonoa:

KWA YEYOTE ANAYEHUSIKA. MFUMO WENU NIMEWEKEWA JANA. HAUGOMBI. NIMEKOSEA SANA NA KWA MAKUSUDI, HAUJASEMA KITU CHA MAANA. ULE WA ZAMANI ULIKUWA WA WAKUBWA LAKINI ULIKUWA UNAGOMBA. NATAKA MAELEZO.

Akatuma, akajiegemeza nyuma, akasubiri kile anachokijua, yaani kimya. Akatoa fotokopi za vyeti vya kijana mmoja wa bodaboda, akampa na ushauri asiouomba kuhusu mameneja. Alipogeuka, kiputo kilikuwa kimebadilika rangi. Aliyejibu alijiita Kobe Mvivu, na hakuna ajuaye alikuwa nani wala amekaa wapi.

*Habari, ndugu. Pole kwa usumbufu. Nimekaa kwenye baraza hili miaka, lalamiko kama lako sijawahi kuliona, na nimelipenda. Kugomba kunawezekana kabisa, sauti ya makosa mtu anaweka aitakayo. Ila nisaidie kidogo: ulikuwa unataka ugombe kwa sauti ya nani?*

Herufi Kubwa alisoma kwa kidole, neno moja moja. Akarudia. Maisha yake yote alikuwa ameandika malalamiko, yake na ya watu. Aliyaandikia maji, umeme, barabara, hospitali, hata kiwanda cha viberiti. Hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kumrudishia swali. Na sasa mtu asiye mkubwa wa chochote amemuuliza lile lile alilolikwepa jana.

Akainuka. Akazunguka kwenda saluni. Shemeji alikuwa akifagia nywele sakafuni na kuzitia kwenye mfuko mdogo wa karatasi, na Mama Mwenye Nyumba amekaa chini ya lile kofia kubwa la kukaushia nywele, jarida mapajani, haisikii dunia.

"Shem, nataka kukwambia kitu kuhusu kifua."

"Umepimwa?"

"Sina kifua."

"Najua," akasema Shemeji, bila kuacha kufagia.

"Unajua?"

"Najua una mwanamke. Sauti ya kike kila asubuhi, halafu wewe koho koho juu yake. Ukuta wenyewe huu. Nikasema haya, dada amekwenda, shemeji bado mzima, ana haki. Nikawa nakuletea asali ili siku moja useme mwenyewe. Ila iliniuma, shem, sikufichi. Ungemtambulisha tu. Ningemsuka."

Kofia la kukaushia likanyanyuka ghafla. Kumbe lilikuwa limezimwa. "Nilisema mimi!" Mama Mwenye Nyumba akamnyooshea jarida. "Nilisema nyuma ya pazia kuna mtu!"

"Ni dada yako," akasema Herufi Kubwa.

Fagio likasimama.

Akawaeleza, ameangalia miguu yake: kipaza sauti, kengele, printa isiyochomekwa, asubuhi zote hizo. Alieleza vibaya, akarukaruka, katikati akapitia kwa mkubwa wa hospitali na akarudi. "Na jana nimekuachia umnyoe," akamalizia. "Nilisimama pale nikaangalia ule mstari unatembea mpaka ukafika mwisho."

"Nilikuuliza! Si nilikuuliza kama kuna kitu nikutunzie?"

"Ningesemaje? Nitunzie kile kinachonigombeza?"

"Ndiyo! Hivyo hivyo ungesema! Mwanamume mzima, umekunywa asali yangu miaka mitatu huumwi kitu!" Shemeji alikuwa anacheka na kulia, na taulo alilochukua kujifuta lilikuwa la rangi ya nywele, likamwachia mstari mweusi shavuni. "Njoo hapa. Wewe hujui saluni yangu inavyofanya kazi?"

Akafungua droo. Ndani kulikuwa na mifuko ya karatasi imepangwa, kila mmoja na jina la mteja. Kwa Shemeji nywele zilizokatwa hazitupwi, hukaa hapo mpaka mwenyewe azichukue. Watu hawapendi kujiuliza nywele zao zimeishia wapi, naye hapendi lawama. Akasogeza mifuko, na chini yake, kimefungwa kwenye mfuko kama mingine, kikatoka kile kisanduku cheusi.

"Kabla ya kunyoa niliinakili yote, kila unywele. Sijui nani alinifundisha kunyoa mtu nikatupa."

Mama Mwenye Nyumba akavuta kiti chake karibu, kofia likining'inia nyuma yake kama kengele ya shule. Wakachomeka kisanduku kwenye kompyuta ya saluni. Ndani ya matumbo ya mfumo wa zamani kulikuwa na chumba kizima cha sauti, zenye majina yasiyo na kichwa wala miguu, na hapakuwa na njia nyingine ila kuzisikiliza moja moja. Tiringi. Bwong. Pwii.

"Huyo?" akauliza Mama Mwenye Nyumba.

"Hiyo ni betri inaisha."

Toing.

"Huyo?"

"Mama, mke wangu hakuwa anasema toing."

Dong. Fyuu. Krrr. Tarumbeta ndogo ya ushindi ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, kwa kuwa kwenye mashine ile hakuna aliyewahi kushinda kitu. Kisha:

"We mzee, umegusa nini tena?"

Herufi Kubwa mkono ulimfika mdomoni kwa mazoea, tayari kukohoa. Akaushusha. Kwa mara ya kwanza tangu mkewe aondoke aliisikia yote, wazi, bila kikohozi juu yake. Shemeji alikaa sakafuni katikati ya nywele za watu.

"Ndiye huyu huyu," akanong'ona Mama Mwenye Nyumba. "Nisamehe, baba. Alikuwa mpangaji mzuri. Maji alikuwa anamwaga nje."

Shemeji akanyanyuka, akachungulia skrini. "Ziko mbili. Tazama, hii fupi ndiyo aliyoikata akaiweka. Chini yake kuna ndefu, ambayo hakuikata. Imeendelea." Akapeleka kidole.

"Usiifungue hivyo," akasema Herufi Kubwa. "Iweke mahali pake, kule dukani. Nitakosea mwenyewe."

"Ipi sasa? Fupi au ndefu?"

"Ndefu. Aliyesema maneno mengi asipunjwe."

Kabla hajamaliza, umeme ukakatika jengo zima. Kofia la kukaushia, skrini, taa, vyote vikaenda.

"Huyu sasa," akasema Herufi Kubwa, "ni mkubwa."



Umeme ulirudi alfajiri. Shemeji aliingia dukani mapema na kisanduku chake, akabonyeza hapa na pale, akaiondoa *tik*, akaiweka sauti. Mama Mwenye Nyumba alikuja akisema anataka tangazo jingine, ila hakusema la nini, akatafuta pa kukaa. Herufi Kubwa alikuwa na deni la jibu, akafungua kiputo kwanza akamwandikia Kobe Mvivu: *ya mke wangu. tumeipata. asante.* Shemeji akamtazama.

"Herufi ndogo, shem?"

"Si mkubwa, huyo. Atasoma."

Halafu akainama, akauchomoa waya wa printa. Akaketi sawasawa, akafunga kifungo cha juu cha shati, akaiamuru mashine ichape. Hakukohoa.

"Hii imeshaanza?" ikasema mashine. Kiti kikaburutwa mahali fulani, miaka mingi nyuma. "Imeanza, naona. We mzee, umegusa nini tena?"

Na kwa mbali ndani ya mashine, sauti nyingine ikajibu kwa ukali, ya kiume, yake mwenyewe Herufi Kubwa, yenye nguvu kuliko ya sasa: "Sijagusa kitu mimi! Hao wakubwa waliotengeneza hii takataka ndio—"

Mama Mwenye Nyumba akaziba mdomo kwa jarida. Shemeji alishika ukuta. Ndani ya mashine mwanamke alikuwa anacheka, kile kicheko cha nyuma, ila safari hii kimetoka chote.

"Wakubwa gani, mume wangu? Wamekaa wapi humu dukani, nioneshe. Mimi nawaona watu wawili tu. Mmoja ni mimi, na mimi nilikuwa nyuma nachemsha chai." Kijiko kikagonga kikombe. Herufi Kubwa alifungua mdomo, mbele ya wanawake wawili waliokuwa wakimtazama na wa tatu asiyeonekana, akaufunga, akaufungua tena. "Sasa kama si mimi, na wakubwa hawapo, aliyegusa ni nani?"